Hodhi la zamani, rangi mpya: maswali yenu na majibu yangu

Tangu niandike kuhusu masinki nimeletewa maswali ya hodhi za kuogea kutoka mitaa ya Mombasa mpaka simu imejaa, naona wengi mmehamia nyumba za zamani na hamtaki tena ile pinki na ile kijani ya wazee. Sawa. Lakini karibu nyote mwaanza na rangi, na rangi ndiyo ya mwisho. Kwanza niambie hodhi lenyewe limetengenezwa kwa nini.

Hodhi langu ni la pinki nataka liwe jeupe, nipake rangi ya mafuta koti ngapi? (Tudor)

Hata moja. Rangi ya mafuta ni ya milango na mageti, ikikutana na maji moto kila siku inalainika na kopo la kuogea likigusa tu inatoka. Nshalijibu swali hili mara nne, tafadhalini muwe mwasoma. Ya hodhi ni ile ya makopo mawili, rangi na hadena yake, epoksi au poliurethani, mpaka uchanganye ndio inaganda.

Bibi yetu ametuachia nyumba, ndani kuna hodhi lenye miguu, lina madoa ya kutu na limekufa mng'ao. Twataka liwe bluu. Fundi asema tulitupe tununue la faiba. (Kizingo)

Msilitupe jamani! Chukueni sumaku muiweke ubavuni. Ikinata ni chuma, sasa ligongeni kwa vidole, la chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, lina sauti nzito fupi na ukilisukuma peke yako halitikisiki, mengi yanapita kilo 100. La bati la chuma linalia kama sufuria. Sumaku ikianguka basi ni faiba au akriliki. Hilo lenu kwa maelezo yenu naamini ni la kusubu, na anayewaambia mlitupe huenda ana mnunuzi wa chuma chakavu tayari, muulizeni litakwenda wapi.

Jueni kwamba ule mng'ao wa zamani si rangi, ni kioo kilichosagwa kikayeyushwa juu ya chuma kwa moto unaopita digrii 700. Moto huo hamtauleta bafuni. Mtakachopaka ni ngozi juu ya kioo, na kioo hakishikiki mpaka kikwaruzwe. Kwa hiyo toeni plagi na vyuma vyote, silikoni, ile gundi ya kuzibia pembeni, ikwanguliwe mpaka isibaki hata uzi, magamba ya maji ya chumvi yalainisheni kwa siki kisha msuuze, halafu sabuni ya kukata mafuta, halafu msasa wa maji namba 220 kwenda 320, hodhi lote, mpaka mng'ao wote ufe. Msasa wa maji nasema, si mkavu, maana vitu vya zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Mkimaliza mwagieni maji muangalie: yakitanda kama shuka ni safi, yakikimbia na kufanya matone bado kuna mafuta, rudieni. Palipobanduka pajazwe filla ya epoksi, futeni kwa thina na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kitoke cheupe, ndio praima, rangi ya chini ya kushikisha, ndio bluu yenu koti mbili au tatu nyembamba.

Mwajua kwa nini nasisitiza silikoni? Kuna hodhi nililisimamia mwenyewe Ganjoni, nikaona pembe ya karibu na ukuta bado ina utelezi wa silikoni kidogo nikasema ah rangi itafunika. Mwezi wa pili mwenye nyumba akaniita. Nikaweka ukucha pale pembeni, ikainuka, nikavuta, ikaja yote mpaka kwenye tundu la maji kama utandu wa maziwa yaliyochemka, na chini yake kioo kinang'aa vilevile hakijaguswa. Nilirudia kazi yote kwa pesa yangu, na sijapuuza silikoni tena.

Fundi asema atamaliza siku moja na jioni tutaoga. (Bamburi)

Hamtaoga. Kupaka kunaweza kuisha siku moja, kuganda hakuishi. Kopo litakwambia, nyingi ni kati ya saa 24 na 72 kabla ya maji kugusa, na ugumu wenyewe kamili ni kama wiki. Na hapa kwetu kuna unyevu, makopo mengi yanataka unyevu wa hewa usipite asilimia 85 na sisi asubuhi nyingi tunapita, ukipaka hewa imelowa rangi inatoka na ukungu mweupe na haishiki vizuri. Mimi kazi hizi napenda kuzifanya kwenye kaskazi, Januari na Februari, kuanzia saa nne asubuhi jua likishakausha nyumba. Masika niachieni.

Hodhi lilishapakwa zamani, sasa latoka magamba. Nimenunua rimuva, dawa ya kutoa rangi, nifunge mlango ili harufu isiende kwa watoto? (Majengo)

Dada yangu, usifungue hilo kopo. Lisome kwanza, likiwa lina methilini kloraidi, au dikloromethani ni hiyohiyo, lirudishe dukani. Moshi wake ni mzito kuliko hewa, haupandi, unatulia ndani ya hodhi kama maji, na anayekwangua ameinama kichwa kimo humohumo. Ukiingia mwilini unageuka kaboni monoksaidi, ile ya jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mwaka 2012 Marekani walitoa ripoti ya watu 13 waliokufa kati ya 2000 na 2011, wote walikuwa wakikwangua mahodhi kwa dawa hii, na hawa wengi ni watu wa kazi hiyohiyo si wageni. Mwaka 2019 wakakataza isiuzwe kwa watu wa majumbani. Barakoa ya kitambaa haifanyi chochote, hata ile ya vichujio haitoshi.

Kwangua kwa mkono na msasa wa maji, dirisha wazi, mlango wazi, feni inatoa hewa nje, watoto wapeleke kwa shangazi yao siku mbili. Itachelewa, acha ichelewe. Na nyinyi mnaoajiri vijana mkawafungia bafuni na kompresa na rangi ya gari ya hadena, hadena ile ina isosayanati, inaleta pumu ambayo haiondoki, kijana wa miaka 20 hawezi tena kupanda ngazi. Kama hamna vifaa kamili vya kujikinga mkipulizia, tumieni rola, na madirisha yabaki wazi hivyohivyo. Bafu zuri halistahili pafu la mtoto wa mtu.

Nyeusi itapendeza? (Nyali)

Siku ya kwanza. Kama maji yako ni ya kisima, chumvi itaacha madoa meupe kila yakikauka. Chukua rangi ya mchanga au jeupe.

Mfereji ukikata twaweka maji ndani ya hodhi. Likishapakwa twaweza kuyapikia? (Likoni)

Kufulia na kuflashi sawa, baada ya ile wiki moja. Kupikia na kunywa hapana, rangi hizi hazikutengenezwa kwa maji ya kunywa, ya kunywa yaweke kwenye mtungi au tangi lake.

Limepakwa mwezi uliopita, sasa limetoka viduara viduara chini. (Makupa)

Mkeka wa mpira wenye vinyonyo. Unavuta rangi kila ukiutoa. Utupe. Na usisugulie Vim wala stiliwaya, sabuni ya maji na sponji laini basi. Na naomba, Harpic na Jik zisichanganywe hata siku moja, zinatoa gesi ya klorini, hili halihusu rangi lakini naliona kila bafu ninaloingia.

Sisi hatuna hodhi, tuna birika la zamani la kuwekea maji, la mawe na chokaa. Nalo lipakwe epoksi? (Mji wa Kale)

La, la, la. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua, ukiuziba kwa epoksi unyevu unabaki ndani na plasta inavimba inaanguka vipande. Tafuta fundi mzee anayejua chokaa, akwangue iliyooza, apige chokaa upya na kuipiga msasa wa jiwe mpaka iteleze. Mkishaipata hiyo kazi nipigieni nije niione.