Pumziko tulilompa mama

Baba alipofariki, sisi watoto tulikubaliana kwamba mama asihangaike tena. Kupika, kufua, kumwagilia maua, vyote tukampokonya. Mimi nikamnunulia kiti cha kuegemea, nikamwekea televisheni mbele yake. Mwaka mmoja na nusu baadaye, sketi zake zilikuwa zimefumuliwa kiunoni ili zimtoshe, na kuinuka kitini kukawa kazi: anajisukuma kwa mikono miwili, anarudi chini, anajaribu tena.

Nililaumu chakula. Nikawa namgombeza kuhusu sukari, jambo ninalolijutia mpaka leo. Kisha nikashinda naye siku nzima. Chakula cha mchana alikigusagusa tu, maana kula peke yake kila siku kulishamwondolea hamu. Lakini kopo la biskuti lilikuwa ubavuni mwake, na kila kipindi kilipoisha mkono ulikwenda huko. Njaa hakuwa nayo, ni upweke. Mchana alisinzia, usiku akakesha, na mtu asiyelala vizuri hupata hamu kubwa ya kula.

Kama una mzazi aliyenenepa, tafadhali usikimbilie kumnyima chakula. Umri unapokwenda misuli hupungua, na misuli hutumia nishati hata mtu akiwa amekaa. Ndiyo sababu mojawapo sahani ileile ya miaka 40 inamzidi akiwa na 70. Ukimkondesha kwa njaa, misuli iliyobaki nayo inaondoka, mifupa inadhoofika, na hapo ndipo wazee huanguka. Anahitaji protini ya kutosha, na anahitaji kujongea. Mweleze daktari pia dawa zote anazotumia, kwani baadhi ya dawa za kisukari, za sonona na zile za steroidi (za kutuliza uvimbe mwilini) huongeza uzito. Asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani linashauri walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa waliofikisha miaka 65, mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba pia. Kwa mama hesabu hiyo ilikuwa mlima. Tulianza na kusimama kutoka kitini mara tano kabla ya chakula, meza ikiwa mbele yake aishike akiyumba. Baadaye tukamrudishia maua yake, na nguo za kukunja. Zaidi ya yote, tukapanga zamu ili kila siku awe na mtu wa kula naye. Nadhani hili la mwisho ndilo lililosaidia kuliko yote.

Tunampima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, kwa sababu mafuta ya tumboni ndiyo yenye madhara zaidi, na mizani haiwezi kukuambia kilichopungua ni mafuta au misuli. Kwa wanawake, kiuno kikizidi sentimita 88 hatari huwa kubwa. Mama bado yuko juu ya hapo, ila anashuka, na goti halimuumi sana kama zamani.

Kopo la biskuti hatukulitupa. Liko jikoni, akilitaka, anainuka.