Vekta ya virusi kwenye utumbo: je, dozi kubwa itasaidia?

Swali: Niliwanywesha panya wa maabara vekta ya adenovirusi (virusi vilivyogeuzwa kuwa chombo cha kupeleka jeni ndani ya seli) iliyobeba jeni ya protini inayong'aa kijani. Baada ya siku mbili niliona seli chache tu za utumbo mwembamba ziking'aa. Wiki ilipoisha, hata hizo hazikuonekana. Niongeze dozi?

Jibu: Usiongeze. Umekumbana na matatizo mawili tofauti, na dozi haitibu hata moja.

Uchache wa seli unatokana na njia uliyotumia. Asidi na vimeng'enya vya tumbo huharibu sehemu kubwa ya virusi, na vinavyopona hunaswa kwenye ute. Hata vikifika ukutani, kipokezi, yaani protini ya seli ambayo adenovirusi nyingi hushikilia ili ziingie, kimejificha kwenye maungio ya seli na ubavuni mwake, si upande unaotazama chakula. Najua utaniuliza kuhusu vidonge vya chanjo ya adenovirusi aina ya 4 na ya 7 wanavyomeza wanajeshi wa Marekani. Vidonge hivyo vina ganda linalostahimili asidi, na virusi vilivyomo huzaliana vikifika utumboni. Vekta yako haizaliani, kwa hiyo kinachofika ndicho hicho hicho.

Kutoweka kwa mng'ao ndilo jambo zito zaidi. Seli za uso wa utumbo mwembamba huishi siku 3 hadi 5 tu, kisha hubanduka na kutoka na kinyesi. Adenovirusi haipachiki jeni kwenye kromosomu, hivyo jeni yako iliondoka pamoja na seli zilizoipokea. Kinga ya mwili nayo huziwinda seli hizo. Ukitaka jeni idumu, lenga seli shina, yaani seli zinazozaa seli mpya za utumbo, zilizo chini kabisa ya vishimo vya ukuta wa utumbo, na utumie vekta inayojipachika, kama lentivirusi.

Kuzifikia seli shina hizo kwa kunywesha ni kazi ngumu mno. Mimi ningetoa vishimo kwa panya, nikaviotesha kuwa organoidi (vijiutumbo vidogo vinavyokuzwa maabara), nikaviambukiza kwenye sahani, halafu nikavipandikiza kwenye utumbo mpana. Tangu mwaka 2009 inajulikana kwamba seli shina moja yenye alama ya Lgr5 inaweza kukuza organoidi nzima. Lakini hakikisha unachunguza mahali jeni ilipojipachika: nchini Ufaransa, watoto kadhaa waliotibiwa upungufu mkubwa wa kinga kwa vekta ya retrovirusi, kundi ambalo lentivirusi imo, walipata leukemia (saratani ya damu), kwa sababu vekta ilitua karibu na jeni ya saratani.

Kama lengo lako ni la siku chache tu, adenovirusi inatosha. Ipitishe njia ya haja kubwa baada ya kulainisha ute kwa asetilisisteini (dawa ya kuyeyusha ute), kisha pima mRNA ya jeni yako, yaani nakala ambayo seli huitoa inapoitumia jeni. DNA ya vekta kwenye kinyesi haithibitishi kwamba iliingia kwenye seli. Weka pia panya wasiopewa vekta, maana utumbo na mabaki ya chakula hung'aa vyenyewe, na huenda baadhi ya zile seli chache ulizoziona zilikuwa hivyo.