Barua kwa mwanangu: hiyo nyumba ya Mbweni

Mwanangu, waaleykum salaam. Meseji yako nimeisoma na picha nimeziona zote, mdogo wako kanikuzia moja moja. Umeuliza naonaje mkichukua mkopo mnunue hiyo nyumba ya Mbweni, hukohuko Dar, mwachane na kupanga Sinza. Nyumba ni nzuri, sibishi. Vyumba vinne, kisima, bustani ya watoto, upepo wa bahari. Ila nimeangalia picha zote natafuta mlango wa jirani sijauona hata mmoja, naona ukuta tu na waya wa umeme juu yake.

We unaniuliza nyumba, mimi nataka kujua mtakuwa mnaikaa saa ngapi. Ofisi yako iko Posta. Kutoka huko Mbweni utokee Barabara ya Bagamoyo, uje Tegeta, Mwenge, Morocco, ndo uanze kuingia mjini, hiyo ni zaidi ya kilometa 20 na kila mwenye gari wa upande huo anapita njia hiyohiyo saa hiyohiyo. Utasema wanajenga mwendokasi mpaka Tegeta. Sawa, ya Kimara ilianza 2016, na rafiki yako wa kule si bado anaamka usiku? Na mtu akishazoea gari lake na kiyoyozi chake hata hayo mabasi yakija hapandi, nyie nawajua.

Kwa mjomba wako Mbezi Beach nilikaa kipindi kile natibiwa macho, we ulikuwa bado chuo. Nyumba ile unaijua. Saa kumi na moja alfajiri adhana bado, mjomba wako keshawasha gari, mkewe na lake, watoto wanabebwa na basi la shule wamelala na viatu miguuni. Wanarudi saa mbili, saa tatu usiku, wamechoka hata kuongea hawataki. Sebule ile ya masofa meupe nilikuwa nakaa mimi na dada wa kazi. Nakwambia wanaoishi kwenye zile nyumba ni dada wa kazi na mlinzi, wenyewe wanakuja kulala.

Sasa nilikuwa nimekuja na dumu la asali, ile ya Sikonge aliyokuwa anatuletea baba mkubwa, unaijua ilivyo nzito. Nikajaza chupa moja safi nikafunga vizuri, nikatoka na dada wa kazi tukampelekee jirani wa kulia maana nimekaa pale naona haya, mtu unalala ukuta kwa ukuta na mtu hujamsalimia. Tukagonga geti. Mlinzi akafungua kile kitundu, akapokea, akafunga. Nikasema basi mwenyewe hayupo, atakuja kunishukuru au atatuma mtoto. Jioni mlinzi yuleyule akaja na noti ya elfu kumi, anasema mama kasema asali nzuri, kama ipo nyingine nimpelekee chupa mbili.

Mwanangu, nilisimama pale getini na hela ya watu mkononi sijui niiweke wapi. Mimi nimegawa asali Tabora nzima, Kanyenye, Cheyo, mpaka Isevya huko, sijawahi kulipwa. Nikamrudishia, nikamwambia kamwambie ni zawadi. Hakuna aliyekuja. Mjomba wako aliporudi nikamweleza, akacheka, akasema dada huku ndo kulivyo. Nikamuuliza huyo jirani anaitwa nani. Hajui! Anajua gari lake tu, ni jeupe.

Labda namwonea yule mama. Dar watu wanauza asali mlango kwa mlango, angejuaje kama mimi si muuzaji, na yeye pia pengine karudi saa tatu kichwa kinamuuma. Huwa najiambia hivyo. Afu najiuliza, kuchungulia tu jamani, kuja getini kutazama ni nani, ingemchukua muda gani? Kiwanja unanunua mwanangu, jirani hununui.

Baba yako Mungu amrehemu alikuwa anatoka kota za reli anatembea kwa miguu mpaka stesheni na mchana anarudi kula na nyie. Maji yakikatika, enzi hizo maji ya Ziwa Victoria hayajafika huku, mwenye pipa anagawa. Wewe ulivyoungua na uji ule, mimi niko sokoni, nani alikubeba mpaka hospitali ya Kitete? Si mama wa nyumba ya pili. Kovu unalo.

Ila na mimi nisiseme kota zilikuwa pepo. Mama yuleyule alikuwa anaingia jikoni kwangu anafunua sufuria. Na baba yako alivyopunguzwa kazi, watu wa kota walijua kabla yangu, nilisikia bombani, na hilo liliniuma kuliko hata mshahara. Kuna siku nilitamani ukuta kama huo wenu, tena mrefu. Kwa hiyo nikiwaambia ukuta mbaya nitakuwa sisemi yote.

Hilo la mkeo kwamba kuna watu wanakaa Morogoro na kazi iko Dar tangu treni ya SGR ianze 2024, nauli ya kila siku mpige hesabu wenyewe. Mimi nimependa kitu kimoja tu, kwenye treni unakaa na mtu ubavu kwa ubavu, mkipanda wote kila asubuhi mtajuana. Na sisi ni watu wa reli, ilifika hapa Tabora 1912, siwezi kuisema vibaya. Lakini jirani wa kwenye treni hakusikii mtoto akilia usiku.

Umetaka jibu, ndiyo au hapana. Ninalo, liko mdomoni hapa, na unajua navyopata tabu kulimeza. Ila mkopo ni wenu, miaka yote hiyo mtakatwa nyie, sitaki kesho mkeo aseme mama ndo alikataa. Fanya hivi, kabla hamjasaini amka siku ya kazi uanzie pale kwenye geti la hiyo nyumba alfajiri uende mpaka ofisini, jioni urudi mpaka pale, ushuke ugonge kwa jirani wa kulia na wa kushoto usalimie. Watoto uwe nao. Wakikufungulia nipigie hata kama ni usiku, na wasipofungua nipigie pia.

Mama yako.