Presha isiyoshuka: kabla hujaandika dawa ya nne

Ukianza kazi kliniki ya presha, hutakaa sana kabla ya kukutana na mgonjwa anayetumia dawa tatu na mashine bado inasoma 170 kwa 100. Mkono utakuwasha uandike ya nne. Ngoja. Anza na mkanda.

Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha kipimo. Mpira wa ndani unatakiwa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mgonjwa awe ameshakojoa, ametulia kitini dakika 5, ameegemea, hajakunja nne, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Na wewe nyamaza! Wapo wanaochukua historia nzima huku mashine inapima. Rudia baada ya dakika moja. Kisha omba vipimo vya nyumbani, maana kuna watu presha hupanda wakiona koti jeupe tu, ila kwao wako chini ya 135 kwa 85.

Ikiwa bado iko juu, nenda kwenye dawa. Ukiuliza "unameza dawa zako?" utajibiwa "ndiyo, daktari" siku zote. Uliza hivi: "Wengi huwa wanaruka dozi. Wiki hii umekosa siku zipi?" Mwambie aje na vidonge vyote anavyotumia, mvimwage mezani mhesabu pamoja. Hapo ndipo mambo hutoka: dawa ya kukojoza anaimeza jioni, usiku hakulaliki, kwa hiyo ameiacha (mhamishie asubuhi). Au enalapril, mojawapo ya dawa zake za presha, inamkohoza, naye anaona aibu kusema, losartan itamfaa. Au hela imeisha. Katika mfuko huohuo utakuta diclofenac au ibuprofen ya maumivu ya magoti, ambayo hufanya mwili ushike chumvi na maji. Dawa za kuzibua pua, steroidi na baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango nazo hupandisha presha. Pombe ulizia bila kumkaripia. Chumvi vilevile, pamoja na ile iliyojificha kwenye vyakula vya viwandani. Shirika la Afya Duniani linataka isifike gramu 5 kwa siku.

Presha ni sugu kweli pale dawa tatu za makundi tofauti, mojawapo ya kukojoza, zimefika dozi kamili anayoweza kuivumilia na zinamezwa. Kwenye dawa ya kukojoza, hydrochlorothiazide ya miligramu 12.5 mimi siihesabu, ni dozi ndogo. Badala yake weka chlorthalidone au indapamide. Pima figo na potasiamu. Muulize anayelala naye kama anakoroma na pumzi kukatika. Fikiria pia tezi zilizo juu ya figo kumwaga aldosteroni (homoni inayofanya mwili ushike chumvi) kupita kiasi: hali hii hupita sana bila kugunduliwa, kwa sababu wengi hungoja potasiamu ishuke, kumbe inaweza kuwa ya kawaida kabisa.

Dawa ya nne, ukiifikia, ni spironolactone miligramu 25, inayozuia kazi ya aldosteroni. Utafiti wa PATHWAY-2 wa mwaka 2015 uliishindanisha na bisoprolol na doxazosin, ikazipita zote mbili. Ila figo zikiwa dhaifu au potasiamu iko juu tangu mwanzo, shauriana na bingwa kwanza. Pima potasiamu na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) ndani ya wiki 1 hadi 2, urudie baada ya mwezi. Wanaume waambie mapema kwamba matiti yanaweza kuuma au kuvimba, la sivyo wataiacha kimyakimya.

Haya yote ni ya mgonjwa aliyeketi anaongea vizuri. Mwenye maumivu ya kifua, kuhema kwa shida au udhaifu wa upande mmoja anapelekwa dharura hapohapo.