Je, hadithi yenye jini ni fantasia?

Ndugu muulizaji, umetaka kujua kama riwaya yako, ambamo binti wa Pemba anaolewa na jini, ni fantasia. Kwa maoni yangu, kuwapo kwa jini pekee hakutoshi, kwa kuwa fantasia hujenga ulimwengu ambao mwandishi na msomaji wote wanajua kuwa ni wa kubuni, ilhali kwa wasomaji wengi wa pwani jini ni kiumbe wa kweli. Hapo ndipo istilahi za kigeni hutubana. Riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert, kuhusu nchi iliyo angani, haina utata huo, kwani kila msomaji anajua nchi hiyo ni ya kubuni. Ukiwapelekea riwaya yako watayarishaji wa filamu au michezo ya kompyuta, iite fantasia, kwani ndilo jina wanalolitumia. Ila kwanza amua jini wako anaweza nini, na kwa gharama gani.