Kwaresima yangu na gunia la vitunguu Kongowea

Ndugu uliyeuliza, nimelisoma swali lako mara mbili. Kila mwaka unaacha nyama na soda, Pasaka inafika, nawe unajiona ni yuleyule. Tena safari hii umeshavunja mfungo mara mbili na wataka kujua kama kuna haja ya kuendelea. Hali hiyo nimeishi nayo miaka mingi, acha nikueleze kilichonitoa.

Nauza viazi na vitunguu kwa jumla soko la Kongowea, nyumbani ni Likoni. Kwaresima hapa Mombasa huangukia mwishoni mwa kaskazi, jua la Machi linawaka, na wewe tumboni una chai ya rangi tu. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, siku chache baada ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Sokoni tukawa tumefunga wengi, Waislamu kwa namna yao na sisi kwa yetu. Mimi nilikuwa nimeacha nyama, soda na chakula cha mchana. Moyoni nilijiona niko sawa kabisa na Mungu.

Wiki ya pili, hamali mmoja kijana alikuwa akinishushia mzigo kwenye mkokoteni. Gunia likapasuka, vitunguu vikatawanyika mpaka kwenye maji machafu ya mtaro. Njaa ilikuwa imenishika, kichwa kinagonga. Nilimtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, tena mbele ya wateja. Akainama akaanza kuokota, akasema taratibu, "Mama, mimi nimefunga." Nikaendelea. Akarudia, "Mama, nimefunga." Hakuongeza neno.

Nilidhani ananiomba huruma. Jirani yangu wa kibanda, Mwislamu, ndiye aliyenifahamisha baadaye kwamba hayo ni mafundisho ya Mtume wao: mtu akikutukana nawe una saumu, usimrudishie, sema nimefunga. Neno lile lilinichoma, kwa sababu na mimi nilikuwa nimefunga, wala halikunijia hata mara moja kwamba mfungo wangu unahusu na mdomo wangu.

Ijumaa nikaenda Njia ya Msalaba, ile sala ya kufuata mateso ya Yesu kituo kwa kituo. Tulipofika kituo cha tano, pale Simoni wa Kirene anapolazimishwa kumsaidia Yesu kubeba msalaba, nilishindwa kuitikia. Mtu kakamatwa njiani tu, kabebeshwa mzigo usio wake. Na mimi wiki hiyohiyo nimemtukana mbeba mizigo. Jumamosi nikaenda kuungama. Padri hakunipa rozari wala zaburi. Malipizi yangu, alisema, ni kumwomba radhi yule kijana palepale nilipomtukana, watu wakisikia. Ilinichukua mpaka Jumatano kupata moyo. Kukosa nyama siku arobaini ni kazi nyepesi ukilinganisha na zile hatua ishirini kutoka kibandani kwangu mpaka inaposimama mikokoteni. Nilipomaliza kusema, aliniangalia kidogo, akajibu, "Yamekwisha, mama." Nikarudi kibandani nikalia.

Nilichokifahamu ni hiki: hasira ile haikuletwa na njaa. Ilikuwemo siku zote, ila mahamri na mbaazi za asubuhi zilikuwa zinaifunika. Mfungo uliponitolea kifuniko, nikaona kilichomo. Zamani ningekiona ningesema ni uchovu, nikapita. Ndiyo sababu nadhani wengi wetu tunabaki vilevile: tunahesabu siku tusizokula nyama, hatutazami kilichotoka ndani tulipokuwa na njaa.

Na kosa langu jingine lilikuwa kuchukua kimoja kati ya vitatu. Injili tunayosomewa Jumatano ya Majivu, Mathayo sura ya 6, inataja sadaka, sala na kufunga kwa pamoja. Mimi nilikuwa nafunga tu. Pesa ya chakula cha mchana iliyobaki mfukoni ilikuwa inaishia kwenye vocha.

Sasa nafanya hivi. Chakula changu cha mchana ni shilingi 150, naitia kwenye kopo kila siku isipokuwa Jumapili. Kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu, ukitoa Jumapili, ni siku 40, kwa hivyo ni shilingi 6,000. Sehemu naipeleka kwenye mchango wa Kampeni ya Kwaresima parokiani. Inayobaki nanunua unga na mafuta kwa mama mmoja mzee wa Jumuiya yetu asiyeweza kutoka kitandani. Mwanzoni nilikuwa naacha mfuko mlangoni na kuondoka. Siku moja akaniambia nikae, na nilipokaa alizungumza saa nzima. Tangu siku hiyo unga ni sababu tu ya kwenda.

Sala nimeiweka kwenye feri. Ninaposubiri kuvuka asubuhi nasoma Injili ya siku kwenye simu, na usiku kabla ya kulala najiuliza leo nimemuumiza nani. Sina zaidi ya hapo.

Usijibebeshe pia yasiyotakiwa. Kanisa Katoliki linalazimisha kufunga siku mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mwenye miaka 18 mpaka 59: mlo mmoja kamili na miwili midogo. Kuacha nyama siku hizo na Ijumaa za Kwaresima kunamhusu mtu kuanzia miaka 14. Hayo mengine mtu anajichagulia. Mwenye kisukari au mjamzito asijitese, azungumze na padri wake.

Kuhusu kuvunja mfungo: siku ile ya vitunguu sikula nyama, sikugusa soda, mchana sikutia kitu mdomoni. Ndiyo siku niliyouvunja vibaya kuliko zote. Wewe umekula mishkaki mara mbili, endelea kesho asubuhi. Na kama yuko mtu unayemkwepa tangu Kwaresima ianze, niandikie hapa tuone utaanzaje naye.