Donge Linanata, Kosa la Nani? Majibu ya Maswali Yenu ya Ngano

Mwalimu, unga wangu ni ule ule, hamira ile ile, lakini mwezi huu donge linanata vidoleni na mahamri yanatoka mazito. Nimekosea wapi? (Mama mahamri, Shela, Malindi)

Huenda hukukosea popote, mama. Kwanza punguza tui. Msimu wa masika hewa yetu imejaa maji, na unga huyanywa ukiwa umekaa tu gunioni. Ukipunguza na bado linanata, mshuku shamba. Ngano iliyokomaa ikinyeshewa kabla ya kuvunwa, punje huanza kuota zingali kwenye suke. Inapoota hutoa kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari, chakula cha mche. Mche wewe huuoni. Unachoona ni donge la kunata, na hamri linalopata wekundu upesi karaini huku ndani bado bichi. Wenye vinu hupima hilo na kuchanganya ngano nzuri na mbovu, ila mwaka wa mvua mbaya hata nzuri huadimika.

Shikamoo mwalimu. Nina ekari mbili kando ya mto Sabaki, na pampu. Sudan kuna joto kutushinda na wanalima ngano. Mimi nishindwe kwa nini? (Kijana wa Gongoni)

Marahaba mwanangu. Sudan hupanda Novemba na kuvuna Machi, miezi ambayo usiku wao una baridi, na maji huyatoa mferejini. Usiku wetu wewe waujua: shuka huitafuti mpaka kusi ivume, na hata hapo ni kwa mapambo. Ngano ikilala kwenye joto hutumia usiku ilichopika mchana. Punje hukomaa mbio kabla hazijajaa, zikatoka kama bizari nyembamba. Joto likipita nyuzi 30 wakati wa kuchanua, chavua hudhoofika na suke hubaki na mapengo.

Ndiyo maana ngano yetu iko Narok, Uasin Gishu na Timau, huko juu, maana kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Na hata huko ugonjwa wa kutu ya shina hauwaachi. Aina ya Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, iliwatesa wakulima wetu vibaya. Kutu hupenda majani yenye umande, na unyevu huu wa bahari ungeialika kama harusini. Panda simsim.

Ukame uko Marekani, mbona bei inipande mimi dukani Langoni? (Lamu)

Kwa sababu sehemu kubwa ya ngano tunayokula Kenya hutoka nje, na soko la dunia ni moja. Ngano ya majira ya kuchipua hupandwa Aprili na Mei theluji ikishayeyuka, pande za North Dakota huko Marekani na Saskatchewan huko Kanada, na kuvunwa kuanzia Agosti. Mwaka 2021 mvua iliwakatikia njiani. Kanada iliyokuwa imevuna tani milioni 35 za ngano mwaka uliotangulia ilipata kama milioni 22. Jambo la ajabu ni kwamba ukame hupunguza wanga kuliko protini, kwa hiyo unga wa mwaka huo huwa ghali lakini chapati zake huvutika vizuri.

Ngano ya baridi nayo ni ipi? (Mpeketoni)

Ni ile isiyochanua mpaka ionje wiki kadhaa za baridi kali. Ukiipanda Kenya utavuna majani ya mbuzi.